Trotwari ya avenyu yetu inakufa kwa miaka michache tu: nani anaiua?

#1 Mwana_Himbi
Jambo wote. Niko Himbi, hapa Goma, avenyu ndogo isiyo na lami, parsele (viwanja) 31, watu tunaofahamiana. Miaka minne iliyopita tulichanga tukajenga trotwari, ile njia ya miguu kando ya barabara, upande mmoja, mawe chini, simenti juu. Tulifurahi, watoto wakaanza kufika shule na viatu vyenye rangi yake. Sasa komite imerudi: dola 45 kila parsele, nusu ya kutengeneza ile ya zamani, nusu ya kuanza upande wa pili.

Kabla ya kutoa pesa nilichukua mita ya fundi Jumamosi asubuhi nikatembea tangu kona. Mwanzoni upana ni mita 1 na sentimita 60, kama tulivyokubaliana. Parsele ya tatu, mita 1 na 10. Parsele ya saba, ambako ukuta ulijengwa upya mwaka jana, sentimita 40; unapita ubavu kama kaa. Penye geti la kijani wamepanga mawe wakapanda maua, hapo hakuna kupita, unashuka barabarani. Mbele kidogo dale tatu, yaani vipande vya simenti, zimepasuka katikati, moja inacheza, na mvua ikinyesha ukiikanyaga inakurushia maji mpaka magotini. Mwisho wa avenyu kanivo, mfereji wa maji ya mvua, iko wazi. Dale iliinuliwa siku ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, ili takataka zitolewe, haikurudi, na mtu akafunika tundu kwa mlango wa kabati.

Mama mkwe wangu alikanyaga ule mlango wiki iliyopita, saa moja jioni, umeme umekatika. Mkono uko kwenye bandeji mpaka leo, na mezani mimi ndiye ninayetazamwa kana kwamba kabati lilikuwa langu.

Maswali mawili. Kitu gani hasa kinaua trotwari huku kwetu? Na hizo 45, nitoe au nisitoe?

#2 Kasuku_wa_Katindo
Nafasi ya kwanza! Ngoja nilete kiti.

#3 Fundi_Jiwe
Pole kwa mama. Nimejenga trotwari tano hapa mjini na mbili kati yake zimekufa, kwa hiyo sisemi kwa kusikia.

Watu wanaangalia juu, ugonjwa uko chini. Goma hatuna udongo wa kushindilia, tuna mawe ya volkano. Fundi anamwaga mawe ovyo, makubwa kwa madogo, kati yake kuna hewa tupu. Juu anatandaza mchanga, juu ya mchanga simenti ya sentimita tano akiwa amewaambia kumi. Mvua ya kwanza, mchanga unaanza kuteremka ndani ya yale matundu. Mvua ya ishirini, dale inaelea haina kitu chini yake. Hapo gari moja tu likipanda gurudumu moja, kwisha.

Ukitaka kujua kama dale yako inaelea, chukua nyundo uigonge. Iliyokaa vizuri inalia kavu, *ka*. Iliyo na pango inalia kama ngoma. Mwana_Himbi, nenda kagonge kabla ya kutoa pesa.

#4 Mama_Furaha
Aksanti fundi, ila mimi sikubali. Sentimita 40 kwenye parsele ya saba zimeliwa na mchanga? Zimeliwa na ukuta! Hapa kwetu Kyeshero kila mtu akijenga upya anasogea mbele hatua moja. Baba alisogea, mtoto naye atasogea. Siku moja majirani wa pande mbili watasalimiana dirisha kwa dirisha.

#5 Motari_Halali
Nilijua tu, mkimaliza ukuta mutakuja kwa sisi motari, watu wa pikipiki.

#6 Kasuku_wa_Katindo
@Motari_Halali hakuna aliyekutaja. Mwizi huyu, anakimbia kabla hajaitwa.

#7 Motari_Halali
Nimezoea! Sikia, mimi nikipanda trotwari ni juu barabara iko mashimo matupu na mteja nyuma anapiga kelele «papa, utaniangusha». Mutengeneze barabara, muone kama nitawapitia mlangoni. Trotwari isiyo na barabara ni kama kuvaa kravati bila shati.

#8 Avoka_wa_Bure
Tuweke sheria mezani kidogo. Watu husema «mbele ya parsele yangu». Kwa sheria ya Bakajika ya 1973 ardhi yote ni ya Leta, yaani serikali. Wewe una konsesyo tu, yaani haki ya kutumia, na haki hiyo inaishia pale mipaka iliyoandikwa kwenye karatasi ya kadasta, ofisi ya ardhi, inapoishia. Mwenye ukuta wa sentimita 40 amejenga juu ya mali ya umma, hata kama ana mashahidi kumi.

#9 Karani_Mstaafu
Mwanangu Avoka, usichanganye. Sheria ya Bakajika ni ya Juni 1966. Ile ya ardhi unayotaka kutaja ni namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, na maneno hayo yako kwenye kifungu cha 53. Nimeziandika kwa mashine hizo namba miaka mingi, vidole bado vinazikumbuka.

#10 Avoka_wa_Bure
Umenikamata, mzee. 73-021, ndiyo. Hoja yangu inabaki.

#11 Mama_Furaha
Hoja inabaki na ukuta nao unabaki. Nani ataubomoa? Mtu anajenga usiku wa Ijumaa mpaka Jumapili, ofisi zote zimefungwa, Jumatatu asubuhi ukuta umekauka na kuna mtu ameshatulizwa na soda.

#12 Lushois_wa_Kamalondo
Mi niko Lushi (Lubumbashi), munihurumie Kiswahili yangu. Huku shida haiko mawe, ni miti. Bale batu ba zamani balipandaka jakaranda mu mustari, avenyu nzima. Mwezi wa tisa na wa kumi, mbele ya mvua, maua inaanguka, trotwari yote inageuka ya zambarau, batu banapiga foto. Lakini angalia chini: mizizi imeinua dale kama mutu anaamuka na blanketi. Mi nilijikwaa mbele ya nyumba ya wakwe, na keki mu mikono.

#13 Kasuku_wa_Katindo
Keki ilipona?

#14 Lushois_wa_Kamalondo
Keki hapana. Ndoa ndiyo.

#15 Binti_Ibanda
Salamu kutoka Bukavu. Ninyi mna bahati ya kugombana juu ya upana. Kwetu tunagombana na mlima. Ukijenga trotwari ya mteremko, mvua inaifanya mfereji. Ukijenga ngazi, mama mwenye bidoni ya maji mgongoni anakulaani. Na kanivo ikiziba juu, maji yanapita juu ya trotwari, yanachimba ubavu wa chini, udongo unatoka kimyakimya. Juu simenti inang'aa, chini hakuna kitu. Fundi_Jiwe amesema kweli kuhusu pango, ila kwetu pango linaanzia pembeni.

Swali kwa Mwana_Himbi: maji ya mabati ya watu 31 yanakwenda wapi?

#16 Mwana_Himbi
Aksanti wote. Nimegonga kama fundi alivyosema. Dale 58, zilizolia ngoma ni 21. Watoto wa avenyu walinifuata wakidhani nimechanganyikiwa, mmoja akaleta kijiko akawa anagonga naye.

@Binti_Ibanda swali zuri. Nyumba nyingi hazina mifereji ya mabati. Maji yanaanguka kutoka juu moja kwa moja kwenye trotwari, kuna mahali yametoboa mstari wa matundu kama mashine ya kushona.

#17 Fundi_Jiwe
21 kwa 58. Hiyo si trotwari, ni bendi.

#18 Mtoto_wa_Mugunga
Nyote mnasahau mvua ya volkano. Moshi wa Nyiragongo una asidi, unakula mabati, hata simenti itaacha kula? Mabati mapya kwetu miaka michache tu yameshakuwa mekundu. Hiyo ndiyo sababu, mengine ni hadithi.

#19 Karani_Mstaafu
Asidi ipo, mabati yanaoza, hilo hakuna anayebisha. Lakini upepo unasukuma ule moshi zaidi upande wa magharibi, Rusayo na kule Masisi. Himbi iko chini kando ya ziwa. Kama asidi ingekuwa inaua trotwari ya Himbi kwa miaka minne, Rusayo pasingebaki hata kizingiti.

#20 Mtoto_wa_Mugunga
Mzee, upepo haujasoma jeografia yako.

#21 Viye_Volcans
Watoto, niwaambie kitu. Mimi nimeishi mjini kati tangu ujana. Trotwari tulikuwa nazo, pana, na bordiri, zile kingo za pembeni. Mwaka 2001 lava ilishuka ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Trotwari zetu hazikufa, zilizikwa. Ukichimba mahali fulani utazikuta chini mita moja, hata mbili. Watu walipanda juu ya mawe yakiwa bado na joto, wakaanza kujenga upya juu yake. Nyumba nyingine ile iliyokuwa orofa ya kwanza ikawa ya chini, mlango ukakatwa kwenye dirisha. Sasa katika hali hiyo nani alikumbuka kuacha nafasi ya mtu kutembea? Kila mtu alishika jiwe lake.

#22 Mama_Furaha
Viye, ni tarehe 17 Januari 2002. Nakumbuka vizuri, nilikuwa na mimba ya Furaha na nilitembea mpaka Gisenyi, Rwanda, na godoro kichwani.

#23 Viye_Volcans
2002, mama, umesema kweli. Godoro halisahau.

#24 Karani_Mstaafu
Na tusisahau 2021. Lava ya tarehe 22 Mei ilisimama kule Buhene, haikuingia mjini kati. Lakini matetemeko ya siku zilizofuata yalipasua barabara na kuta za watu. Mwana_Himbi, trotwari yenu ilijengwa kabla au baada?

#25 Mwana_Himbi
Baada. Kwa hiyo hiyo kesi volkano inashinda, haina hatia.

#26 Binti_Ibanda
Sisi tetemeko letu kubwa ni lile la 3 Februari 2008, na mpaka leo mtu akiona ufa ukutani anasema «ni wa 2008», hata kama nyumba ilijengwa 2015.

#27 Mkaguzi_wa_Uvira
Jamani, nimesoma uzi wote na roho inaniuma. «Trotwari» ni neno gani? Kiswahili kina «njia ya waenda kwa miguu».

#28 Motari_Halali
Mkaguzi, njoo usimame mbele ya moto yangu, hii pikipiki, useme «ndugu, tafadhali toka kwenye njia ya waenda kwa miguu». Ukifika kwenye «waenda» nimeshakupita.

#29 Kasuku_wa_Katindo
Huko Uvira mnazo hizo njia, au mna neno tu?

#30 Mkaguzi_wa_Uvira
Tuna neno tu. Naondoka.

#31 Neema_wa_Murara
Mimi nashangaa hakuna aliyevuka mpaka. Nendeni Gisenyi, dakika kumi kwa mguu. Trotwari zina pave (matofali ya njia), zimefagiwa, hakuna mtu aliyemwaga mchanga wa kujengea juu yake. Mvua ni ileile, volkano ni ileile. Wao wana umuganda, salongo yao, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, na usipotokea unaulizwa. Sisi salongo tangu enzi za Mobutu, na mtu anatuma mtoto na ufagio.

#32 Avoka_wa_Bure
Neema, umuganda haupangi pave. Zile zilijengwa na serikali kwa bajeti. Umuganda unafagia na kuzibua. Sisi tunataka salongo ifanye kazi ya kufagia, kujenga na kulipa. Na ukumbuke dale ya mlango wa kabati iliinuliwa siku ya salongo ileile.

#33 Neema_wa_Murara
Iliinuliwa na salongo, haikurudishwa na watu. Nani alikuwa kapita, msimamizi wa kazi, siku hiyo?

#34 Mwana_Himbi
(Nilikuwa mimi. Tuendelee.)

#35 Kasuku_wa_Katindo
TUSIENDELEE. Rudi hapa. Mama mkwe anajua?

#36 Kinga_ya_Mikono
Nimekuwa nikisoma tu, leo niandike. Mimi sitembei. Polio ilinipata mtoto, ninaendesha kinga, yaani baiskeli, ya magurudumu matatu kwa mikono, na biashara yangu ni kuvusha mizigo mpakani, Petite Barrière, kama wenzangu wengi. Nimewasikia mkihesabu upana kwa mtu anayepita ubavu. Mimi siwezi kupita ubavu.

Kinga yangu ina upana wa sentimita 85. Penye sentimita 90 napita nikikwaruza vidole. Tukikutana wawili tunahitaji mita 1 na 80, la sivyo mmoja arudi nyuma, na kurudi nyuma kwa mikono si mchezo. Lakini upana ni tatizo la pili. La kwanza ni mageti.

Mtu akijenga gereji anamwaga simenti kutoka getini mpaka barabarani ili gari lipande, na ule mgongo unakata trotwari nzima. Parsele 31, migongo 20. Kwenu ninyi ni hatua moja. Kwangu ni ukuta. Sheria ya mteremko ni rahisi: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Mgongo wa sentimita 10 unataka mita 1 na 20 ya kupandia, na kiasi hicho tena ya kushukia. Watu wanaweka sentimita 20 kwa hatua moja.

Kwa hiyo ninapita barabarani. Na hapo Motari_Halali ananipigia honi.

#37 Motari_Halali
Yaya, mukubwa wangu, mimi siwapigii ninyi. Tunawasalimia.

#38 Kinga_ya_Mikono
Mnasalimia kwa nguvu sana.

#39 Mama_Furaha
Kaka, umenifunga mdomo. Kwetu kuna nguzo ya umeme katikati ya trotwari kabisa, nilikuwa naona ni kitu cha kuchekesha.

#40 Fundi_Jiwe
Nguzo ilitangulia. Trotwari ndiyo iliyoifuata pale iliposimama.

Nijibu la Kinga: mgongo wa geti unaweza kutengenezwa vizuri. Trotwari inabaki na usawa wake na inaendelea mbele ya geti, gari ndilo linalopanda ukingo kwa mteremko mfupi upande wa barabara. Tena trotwari yenyewe iwe na mwinamo mdogo kuelekea kanivo, sentimita mbili kwa kila mita, maji yasilale. Shida ni kwamba mwenye geti ananilipa mimi, mpita njia hanilipi. Nimewahi kusema, nikajibiwa: «Fundi, unajenga kwangu au kwa mjumbe wa watembea?»

Kitu kingine hamjataja: maji. Simenti inataka kunyweshwa siku saba. Hapa bidoni ya lita 20 inanunuliwa au inapandishwa kutoka ziwani. Nimwambie mama ninywesheni trotwari bidoni sita kila siku, yeye hana ya kupikia? Ananyweshea siku moja, ya pili anasema imeshakunywa. Simenti iliyokauka haraka inakuwa unga juu, mnaiona, ile inayobaki kwenye suruali.

#41 Mtoto_wa_Mugunga
Unga huo ndio asidi.

#42 Fundi_Jiwe
😐

#43 Lushois_wa_Kamalondo
Huku mu ville, mujini kati, kuko ingine tena: batu ba biashara. Trotwari beko nayo pana ya zamani, lakini asubuhi saa mbili haiko trotwari, iko soko. Viatu, sharji, unite za simu, dawa ya panya, samaki. Polisi banafukuza, saa moja nyuma bote barudi. Na mi siwezi kubashitaki, soksi zangu zote ninaziuziaka pale.

#44 Binti_Ibanda
Hata hapa Bukavu, Nyawera, ni vilevile. Mtu wa kuuza mandazi anasafisha mahali pake kila asubuhi, anamwaga maji, anafagia. Trotwari safi kuliko zote ni ile iliyokaliwa. Sijui niseme nini juu ya hilo.

#45 Shemeji_Kasika
Kuna kitu kinaitwa watu wa bomba. Sisi tulimaliza trotwari Alhamisi. Jumanne wakaja vijana watatu na masa, nyundo kubwa, wakapasua dale nne kuunganisha maji kwa jirani mpya, wakarudishia udongo na majani ya migomba, wakaenda. Tulipouliza, walisema kazi yao ni bomba. Ukweli ni kwamba jirani mwenyewe alikuwa amechanga kwa trotwari, risiti anayo.

#46 Avoka_wa_Bure
Ndiyo maana muache bomba tupu chini ya trotwari kabla ya kumwaga simenti. Kila mita ishirini, bomba la plastiki pana. Siku ya maji au waya, wanapitisha humo.

#47 Shemeji_Kasika
Tuliacha. Watoto walijaza mawe.

#48 Geti_la_Kijani
Habari zenu. Nimetumiwa huu uzi na binti yangu. Mimi ndiye mwenye maua.

#49 Kasuku_wa_Katindo
KITI CHANGU KIKO WAPI

#50 Geti_la_Kijani
Mwana_Himbi, jirani yangu, nakuheshimu na kwa mama mkwe wako nilileta ndizi, haukuzitaja. Nieleze haya maua. Mwaka ule wa kwanza wa trotwari, moto zilikuwa zinapita juu yake usiku na mchana kukwepa dimbwi lililo mbele ya geti langu. Mjukuu wangu alichubuliwa mguu akiwa amesimama mlangoni. Nikaweka jiwe moja, wakalihamisha. Nikaweka mawili, wakapita katikati. Nikapanda maua, wakaacha. Mtu wa Goma anaweza kuponda jiwe, lakini ua la mama mzee anaogopa. Nimevunja trotwari? Labda. Lakini tangu maua, mjukuu anacheza nje.

Tena wewe ulipita na mita Jumamosi, nilikuona dirishani. Ulipima kwangu mara mbili. Mbele ya geti lako ulikunja mita ukapita.

#51 Motari_Halali
Mama, ile dimbwi naijua. Maua ni mazuri, nilipunguza mwendo kuyaangalia.

#52 Mama_Furaha
Mwana_Himbi yuko wapi?

#53 Kinga_ya_Mikono
Mama wa maua, nakuelewa. Ila mimi nikifika hapo nashuka kwenye dimbwi lenyewe. Ungeweza kuacha sentimita 90 upande wa ukuta, maua yakae upande wa barabara? Moto haitaingia, kinga itapita.

#54 Geti_la_Kijani
90 sina. 70 ninayo, nikihamisha ule mwamvuli wa manjano. Maua yangu marefu yana jina lakini nimelisahau.

#55 Karani_Mstaafu
Kuna mtu anauliza kwa nini hatufanyi upande mmoja vizuri kwanza, kabla ya upande wa pili? 45 mara 31 ni dola 1,395. Kwa pesa hiyo trotwari mbili mbovu au moja nzima.

#56 Neema_wa_Murara
Wa upande wa pili nao wanachanga, mzee. Mwaka wa nne watembee kwa wenzao tu?

#57 Viye_Volcans
Zamani walitembea katikati ya barabara na hakuna aliyekufa.

#58 Mama_Furaha
Zamani hakukuwa na moto elfu na mia, Viye.

#59 Mwana_Himbi
Nimerudi. Kwanza, ndizi zilifika na zilikuwa tamu, aksanti mama. Nilidhani ni siri ya mama mkwe.

Pili, nimepima mbele ya geti langu. Mgongo una kimo cha sentimita 22. Kwa hesabu ya Kinga ni mita 2 na 64 za kupandia na 2 na 64 za kushukia, na mbele ya parsele yangu yote nina mita 14. Nilijenga hivyo kwa sababu gari la shemeji linaburura tumbo. Shemeji huja Krismasi.

Nimeongea na komite. Wamesema dola 45 ni zilezile, ila fundi atagonga kila dale kabla ya kulipwa, na wametaka nilete mlango wa kabati. Sikuuliza wa nini. Mama mkwe anasema nianze na mgongo wangu, na amesema hivyo mbele ya wageni, kwa hiyo ni amri. Kuna mwenye masa ya kuazima wikendi hii?

#60 Kasuku_wa_Katindo
Nipo kuangalia.

#61 Mtoto_wa_Mugunga
Ingoje asidi, itaula yenyewe.

#62 Fundi_Jiwe
Masa ninayo. Mpini ulivunjika kwenye geti la mtu mwingine kama wewe, njoo na mpini.